Tuache Kuhesabu Vyeti, Tuhesabu Saini

Mwaka 1988 kamati ya biashara ndogo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, chini ya mwenyekiti wake John LaFalce, mbunge wa New York, ilikaa kuwasikiliza wanawake wenye kampuni. Kisa kimoja kilichofika mbele ya wabunge hao kinasimuliwa hadi leo. Mama mmoja alinyimwa mkopo wa biashara yake mpaka apatikane mwanamume wa kutia saini pamoja naye, na saini iliyokubalika mwishowe ilikuwa ya mwanawe, kijana wa miaka 17. Kisheria, umri huo hata mkataba wa kwake mwenyewe usingembana ipasavyo. Lakini alikuwa mwanamume, na benki ikatosheka.

Mama yule hakupungukiwa na kujiamini. Alikuwa na kampuni, alikuwa na wateja, tena alikuwa na ujasiri wa kuacha jambo la aibu kama hilo lisemwe mbele ya wabunge. Kilichomkwamisha ni kanuni iliyoandikwa na watu wengine, katika ofisi ambayo yeye hakuwa na kiti. Huwezi kuliondoa tatizo la aina hiyo kwa kumpa mhusika warsha ya siku tatu, mkoba wenye nembo ya wafadhili na cheti cha kutundika ukutani.

Ndiyo maana huwa nasoma kwa tahadhari wasifu wa watu wanaosifiwa kwa kutumia maisha yao ya kazi kuwainua wanawake katika biashara na uongozi. Karibu kila mara wasifu huo unapimwa kwa idadi: waliofundishwa, waliohudhuria makongamano, waliopewa walezi wa kikazi, waliopigwa picha. Swali ninaloliona la maana zaidi halimo. Baada ya miaka yote hiyo, kuna saini gani iliyohama? Yaani, kuna uamuzi gani wa fedha, cheo au mkataba uliokuwa mikononi mwa watu wengine ambao sasa uko mikononi mwa wanawake, au walau hauhitaji tena idhini ya mwanamume?

Kwa kipimo hicho, kilichotoka kwenye vikao vya LaFalce ni kazi kubwa. Tangu 1974 Marekani ilikuwa na sheria ya kuzuia ubaguzi katika utoaji wa mikopo, ila upande wa mikopo ya biashara ulibaki na mianya, na katika baadhi ya majimbo mwanamke mwenye kampuni aliendelea kudaiwa saini ya mume au ndugu wa kiume. Tarehe 25 Oktoba 1988 Rais Ronald Reagan alitia saini Sheria ya Umiliki wa Biashara wa Wanawake, na mianya hiyo ikazibwa. Sheria iliunda pia baraza la taifa la kuishauri serikali kuhusu biashara za wanawake, na ikatenga fedha za vituo vya kuwahudumia.

Kipengele chake ninachokipenda mimi hakitajwi sana kwenye hotuba. Idara ya sensa iliagizwa kuanza kuzihesabu kampuni kubwa zilizosajiliwa ambazo zinamilikiwa na wanawake. Kabla ya hapo takwimu rasmi ziliziacha nje, kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali mwanamke mfanyabiashara alionekana ni mtu wa kijibiashara cha nyumbani tu. Afisa wa benki aliyesoma takwimu hizo alikuwa na sababu ya kumwona kila mwanamke mwenye kiwanda kuwa kioja. Waliolisukuma jambo hili, wengi wao kutoka chama cha wanawake wenye biashara kilichoanzishwa Washington katikati ya miaka ya 1970, walitumia zaidi ya muongo mmoja kwenye vikao, barua na rasimu. Hakuna picha nzuri ya kupiga katika kazi ya aina hiyo.

Kabla ya Marekani kufika hapo, wapo waliokuwa wameshaielewa hoja hii kwa njia ngumu zaidi. Ela Bhatt, mwanasheria wa Ahmedabad nchini India, alianzisha SEWA mwaka 1972, chama cha wafanyakazi cha wanawake waliojiajiri: wauza mboga, wabeba mizigo, washonaji, waokota makaratasi. Msajili wa vyama aligoma mwanzoni, kwa hoja kwamba chama cha wafanyakazi lazima kiwe na mwajiri wa kupambana naye, na hawa hawakuwa na mwajiri. Miaka miwili baadaye wanawake wapatao 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja ili kuanzisha benki yao wenyewe. Hapo likazuka la saini. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, na benki haisajiliwi na watu wasioweza kuandika majina yao, tena kwa namna ileile kila mara. Bhatt alisimulia jinsi alivyokesha na wanawake 15 waliokuwa waanzilishi, akiwafundisha kuandika majina yao mpaka mkono ukazoea. Kulipokucha wakaenda kusajili. Kwa wateja, tatizo hilohilo lilitatuliwa kwa vitambulisho vyenye picha, ili asiyejua kuandika asiwe mateka wa anayejua.

Mafunzo yalikuwapo, tena makali, usiku kucha. Ila yalikuwa na shabaha moja iliyopimika: asubuhi ile, karatasi fulani ipokelewe na ofisi fulani. Semina ngapi leo zinaweza kuitaja karatasi yao?

Mwaka 1975, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Mexico City, Bhatt alikuwa miongoni mwa watu waliozaa wazo la Women's World Banking, taasisi ya kuwafungulia wanawake milango ya mikopo, iliyosajiliwa mwaka 1979. Mwenyekiti wa kwanza wa bodi yake alikuwa Esther Ocloo wa Ghana. Kisa chake huwa kinasimuliwa kwa kukatwa katikati. Tunaambiwa kwamba binti aliyemaliza shule alipewa shilingi 10 na shangazi yake, akanunua machungwa, sukari na chupa, akapika jemu ya machungwa na kuiuza barabarani huku waliosoma naye wakimcheka. Somo linalotolewa ni kwamba mtaji mdogo na moyo mkubwa vinatosha.

Havikutosha. Kilichombadilisha Ocloo kutoka mchuuzi kuwa mwenye kiwanda ni mkataba wa kuiuzia jemu shule ya Achimota, alikosoma yeye mwenyewe, na baadaye zabuni ya kulihudumia jeshi la kikoloni. Kwa mikataba hiyo mkononi ndipo benki ilipomkopesha, na kampuni yake, Nkulenu, ikazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mnunuzi mkubwa alitia saini kwanza, mkopeshaji akafuata. Hekima ya kina Ocloo ndani ya taasisi yao ilitokana na hapo: badala ya kuwahubiria wanawake kuhusu akiba, wakajenga utaratibu wa kugawana na benki za kawaida hatari ya mkopo, ili meneja wa tawi asiwe na kisingizio cha dhamana. Nchini Kenya, Mary Okelo, aliyekuwa meneja wa tawi la benki wakati ambapo wanawake hawakuonekana kabisa katika kiti hicho, alikuwa miongoni mwa waliopeleka wazo hilo kwenye mfuko wa wanawake ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Alijua hati ya ardhi inayodaiwa haina jina la mwanamke, na kwamba wakopaji hawakuwa na uvivu wowote wa kurekebishwa.

Ununuzi, basi, ni mlango ambao wanaharakati wengi wanaupita bila kuugonga. Serikali ya Marekani ilijiwekea mwaka 1994 lengo la kuzipa kampuni za wanawake asilimia 5 ya zabuni zake. Lengo hilo lilifikiwa kwa mara ya kwanza katika mwaka wa fedha wa 2015. Miaka zaidi ya 20 kwa asilimia 5! Anayetaka kujua kwa nini makongamano ni mengi kuliko mabadiliko aanzie kwenye tarakimu hiyo. Kongamano halimnyang'anyi mtu chochote. Zabuni ikihamia kwa mwingine, kuna aliyekuwa akiipata ambaye sasa analala njaa, na huyo ana namba za simu za wakubwa.

Wapo watakaosema kwamba fedha tupu nazo zimejaribiwa na hazikuleta matunda. Ni kweli zilijaribiwa. Mwaka 2005 wachumi waligawa ruzuku nchini Sri Lanka kwa wenye biashara ndogondogo waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Biashara za wanaume zilionyesha faida nzuri. Za wanawake, kwa wastani, hazikuonyesha kitu. Matokeo hayo yalizagaa haraka, na wengi wakahitimisha kwamba wanawake hawana uwezo wa kukuza mtaji. Mwaka 2019 watafiti wengine wakazirudia takwimu hizo, pamoja na za India na Ghana, wakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: nyumbani kwa huyu mwanamke kuna biashara nyingine? Pale ambapo yeye ndiye pekee mwenye biashara katika kaya, faida yake ilikaribiana na ya wanaume. Pale ambapo mume naye alikuwa na biashara, sehemu kubwa ya fedha ilihamia huko.

Fedha ilitolewa kwa jina la mke, uamuzi ukabaki kwa mume. Mfadhili aliandika kwenye ripoti kwamba amemfikia mnufaika mwanamke, na hakudanganya. Saini tu ndiyo haikuhama. Wala nisieleweke kwamba waume wote hawa ni wanyang'anyi. Mara nyingine biashara ya mume ndiyo yenye faida zaidi, na kaya ikakubaliana kwa busara. Lakini basi tusiuite mradi wa kuwainua wanawake.

Upande wa mafunzo nao una ushahidi wa kuutendea haki. Mjini Lomé, Togo, wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa makundi mwaka 2014: wengine wakapewa mafunzo ya kawaida ya hesabu, masoko na utunzaji wa vitabu, wengine mafunzo ya kujituma, kutafuta fursa na kutokata tamaa baada ya kukwama, na wengine hawakupewa kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kundi la mafunzo ya kujituma likiongeza faida kwa asilimia 30; kwa wanawake ilikuwa asilimia 40. Mafunzo ya kawaida, yale tunayoyajua sote, yalileta asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutofautiana na sifuri. Kwa hiyo sisemi mafunzo ni upuuzi. Nasema aina ya mafunzo inayotolewa kwa wingi zaidi duniani ndiyo yenye ushahidi dhaifu zaidi, na inaendelea kutolewa kwa sababu ni rahisi kuihesabu.

Hata mwanamke aliyefundishwa vizuri kuliko wote, hata hivyo, ataingia chumba ambacho maswali yameshagawanywa. Watafiti wakiongozwa na Dana Kanze walisikiliza wawekezaji wakiwahoji waanzilishi wa kampuni changa kwenye mashindano ya kutafuta mtaji mjini New York. Mwanamume aliulizwa: unapanga kupata vipi wateja wapya, soko lako linaweza kufika wapi? Mwanamke aliulizwa: utawazuia vipi wateja ulionao wasikukimbie, utajilinda vipi na washindani? Asilimia 67 ya maswali waliyoulizwa wanaume yalikuwa ya kukua. Asilimia 66 ya waliyoulizwa wanawake yalikuwa ya kujikinga na hasara. Na anayeulizwa kuhusu hasara hujibu kuhusu hasara, ndivyo mazungumzo yalivyo. Walioulizwa maswali ya kukua walichangisha mara saba ya wenzao. Jambo linalopaswa kutusumbua ni kwamba wawekezaji wanawake nao waliuliza kwa upendeleo uleule. Kuweka mwanamke mezani bila kubadilisha orodha ya maswali kunaweza kuacha mambo palepale. Nchini Marekani, kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao zimekuwa zikipata takriban asilimia 2 ya mtaji wa aina hii, mwaka nenda mwaka rudi.

Ndani ya kampuni kubwa hadithi ni hiyohiyo kwa vazi jingine. Utafiti wa Herminia Ibarra na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wanawake hawakukosa walezi wa kuwapa ushauri. Walikuwa nao, tena pengine kuliko wanaume. Walichokosa ni mtu mwenye cheo ambaye, mlango ukiwa umefungwa na wao wakiwa hawamo, atasema "nafasi hii apewe huyu, na akishindwa mniulize mimi". Ushauri haumgharimu mkubwa kitu zaidi ya saa moja ya chakula cha mchana. Kumsimamia mtu kunamgharimu jina lake. Programu nyingi za kukuza viongozi wanawake zimegawa kile cha bei rahisi, kisha zinashangaa kwamba ngazi za juu hazijabadilika rangi.

Nimefika kwa Felice Schwartz, ambaye namwona kuwa mfano bora na mchungu zaidi wa maisha ya kazi ya namna hii. Mwaka 1962 alianzisha Catalyst mjini New York. Shirika lilianza kwa kuwatafutia wanawake wenye elimu na watoto kazi zinazolingana na muda wao. Taratibu akatambua kwamba anawasaidia wanawake kujipenyeza katika kuta ambazo hazijaguswa, akageukia kampuni zenyewe: akawatafutia wakuu wa kampuni hizo majina ya wanawake wanaofaa kuingia kwenye bodi, akafanya utafiti, akawaonyesha hesabu zao wenyewe. Alifanya kile ambacho wengi wa fani hii hawakifanyi, yaani kuhama kutoka kumrekebisha mwanamke na kwenda kumhoji mwajiri.

Kisha mwaka 1989, baada ya miaka 27 kazini, akaandika makala katika jarida la Harvard Business Review akisema wazi kwamba kampuni hupata gharama zaidi kumwajiri mwanamke meneja, kwamba gharama hiyo inatokana zaidi na namna kampuni zinavyoendeshwa, na kwamba waajiri wawe na utaratibu mmoja kwa wanawake wanaotanguliza kazi na mwingine kwa wanaotaka kuchanganya kazi na malezi. Magazeti yakaupa mpango huo jina la kejeli, "njia ya akina mama", jina ambalo yeye hakulitumia. Wenzake katika harakati wakamshukia. Waajiri, wao, wakashangilia sehemu iliyowafaa.

Wakosoaji wake walikuwa na hoja nzito: ukigawa wanawake mafungu mawili na kuwaacha wanaume fungu moja, malezi yanabaki kuwa mzigo wa mwanamke kwa maandishi rasmi. Hapo alipotea, kwa maoni yangu. Lakini aliyemfuata akidhani kwamba kulinyamazia suala la watoto ndiyo usalama amepotea zaidi. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwa takwimu za miongo mingi kwamba sehemu kubwa ya pengo la kipato linalobaki katika nchi tajiri huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa, na hunenepa katika kazi zinazomlipa zaidi anayepatikana saa zote. Schwartz alilitaja tatizo lenyewe mapema. Dawa yake ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kipimo changu cha saini nacho kina mahali kinapokwama, na mahali hapo ni Norwei. Mwaka 2003 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kwamba bodi za kampuni za umma, yaani zile zinazoruhusiwa kuuza hisa kwa umma, ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia, na kufikia 2008 kampuni isiyotii ilikabiliwa na tishio la kuvunjwa. Wanawake walikuwa karibu asilimia 6 ya wajumbe, wakafika 40. Baadhi ya kampuni zilibadili usajili wake, na wachumi bado wanabishana kama bei za hisa ziliumia. Wanawake walioingia hawakuwa wa kuokoteza kama ilivyotabiriwa. Sifa zao zilizidi za wanawake waliowatangulia. Saini zilihama, hapana shaka.

Ila uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 haukuona dalili kwamba wanawake waliokuwa chini ya bodi, katika kampuni zilezile, walinufaika kwa kiwango cha kuonekana. Bodi hukutana mara chache kwa mwaka. Haipangi nani apewe kitengo cha mauzo cha kanda, nani atumwe kufungua soko jipya, nani aachiwe bajeti ambayo ikipata hasara itajulikana kuwa ni yake. Huko ndiko wakurugenzi watendaji wanakopikwa, na huko wanawake ni wachache, kwa kuwa mara nyingi hupandishwa katika rasilimali watu, mawasiliano na sheria: vyeo vya heshima, mshahara mzuri, na hakuna mstari wa faida na hasara wenye jina lako. Katharine Graham aliongoza kampuni ya Washington Post na kuwa mwanamke wa kwanza kushika usukani wa kampuni iliyo katika Fortune 500, orodha ya kampuni 500 kubwa zaidi za Marekani kwa mapato, mwaka 1972. Ilichukua mpaka 2023 kwa wanawake kuvuka asilimia 10 ya wakuu wa kampuni za orodha hiyo.

Norwei yenyewe imeongeza sheria nyingine ya kuzibana kampuni kubwa binafsi, kwa awamu zinazoishia 2028, na Umoja wa Ulaya umeziwekea kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa muda wa kufikia asilimia 40 ya wakurugenzi wasio watendaji hadi Juni 2026. Ni hatua nzuri, na nyepesi kuzikagua. Kazi nzito iko ngazi mbili chini, kwenye jedwali ambalo ofisi ya fedha inalo tayari: kila bajeti inayobeba faida na hasara, na jina la mtu aliyeidhinishwa kutia saini. Sijaona programu nyingi za uongozi wa wanawake zinazoomba kulitazama jedwali hilo kabla ya kuchapisha ratiba ya warsha.